Je, Ngome za Vita Zitunzwe?



Vijana wa parishi yetu waliokwenda kutembelea Tanga walirudi na swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa haraka mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, nasi tumeombwa kuliandikia katika kurasa hizi. Huko Tanga waliona makaburi ya wanajeshi wa vita vya mwaka 1914, yamefyekwa vizuri kuliko makaburi mengi ya wazee wetu. Wakaonyeshwa pia sehemu ambako Wajerumani na askari wao walijihami Waingereza walipotaka kuuteka mji. Wakauliza: vitu hivi vya wakoloni tunavitunza kwa faida ya nani? Mmoja wao alisema wazi kwamba jiwe la ngome ya mkoloni lingefaa zaidi kama lingejengea choo cha shule.

Swali hili si la kijinga, na wala si la utovu wa heshima. Twaona ni swali la maadili hasa, kwa kuwa linauliza ni kitu gani watu walio hai wanadaiwa na mawe yaliyowekwa na watu waliokufa. Tukisema ngome hapa tunachanganya mambo mengi pamoja: kuta, maboma, mahandaki, mizinga iliyobaki, na hata tuta la reli ambalo watu walilala nyuma yake wakipiga bunduki. Vyote vilikusudiwa kumzuia adui asiingie. Adui amekwisha kuondoka, na aliyejilinda naye amekwisha kuondoka, jiwe limebaki.

Tuanze Tanga, maana ndiko swali lilikotoka.

Vita vilipoanza Ulaya Agosti 1914, Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, hakutaka viingie katika koloni lake. Alitegemea makubaliano ya mkutano wa Berlin wa mwaka 1885, ambayo yaliacha mlango wa makoloni ya sehemu hizi kutoingizwa katika magomvi ya Ulaya. Tanga na Dar es Salaam zikafanyiwa mapatano na manowari za Kiingereza: mji usipigwe, nao usitumiwe kwa mambo ya vita. Mkuu wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyachukia mapatano hayo, na huko London nako wakubwa wa jeshi la majini walikataa kuyathibitisha. Basi mji mzima ukawa unalindwa na maneno ambayo watu wenye bunduki wa pande zote mbili hawakuyataka.

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari iitwayo Fox ikatokea mbele ya Tanga. Nahodha wake, Francis Caulfeild, kabla ya kupiga hata risasi moja, akamwita mkuu wa wilaya, Mjerumani jina lake Auracher, akamwarifu kwamba mapatano yamekwisha. Akamwuliza pia kama bandari ilikuwa imetegwa mabomu. Auracher akaomba muda, akarudi mjini, na habari zikamfikia Lettow-Vorbeck. Vikosi vikapakiwa katika gari moshi upande wa Moshi, maana reli ya Tanga ilikuwa imefika Moshi tangu mwaka 1911, vikateremshwa pwani. Waingereza walikuwa na wanajeshi wapata 8,000 wa jeshi la India chini ya Jenerali Arthur Aitken. Walishuka Ras Kasone, wengi wao wakiwa wamedhoofika kwa safari ndefu ya baharini, katika nchi yenye vichaka na mashamba ambayo hawakuijua. Upande wa pili walikuwako Wajerumani na askari Waafrika, jumla wapata 1,000, wamejihami katika nyumba za ukingoni mwa mji na kando ya reli. Siku ya tarehe 3 shambulio la kwanza likashindwa. Tarehe 4 ukawa mchinjano. Hata nyuki, mizinga yao ilipotikiswa na risasi, walitoka wakauma watu bila kubagua bendera. Tarehe 5 Waingereza wakarudi merikebuni, wakaacha nyuma bunduki kwa mamia, risasi 600,000, na majeruhi wao mikononi mwa madaktari wa Kijerumani. Upande wao walikufa watu wapata 360. Upande wa Wajerumani wapata 70, wengi wao askari Waafrika.

Wanaoandika habari za vita hivyo humcheka sana Nahodha Caulfeild. Wanasema kama angenyamaza, mji ungetekwa kabla ya chai ya jioni. Sisi hatumcheki. Tunakubali kwamba kwa kazi aliyotumwa alifanya upumbavu, na kwamba watu wengi walikufa kwa sababu adui alipata nafasi ya kujiandaa. Lakini neno lilikuwa limetolewa kwa watu wa Tanga, na mtu anayetaka kuvunja neno lake hana budi kusema kwanza kwamba analivunja. Hilo twawafundisha watoto wa darasa la pili. Ajabu ni kwamba jambo moja la heshima katika kisa kizima ndilo linalohesabiwa kuwa kosa, nalo halikuacha jiwe wala tuta ambalo mgeni angeweza kuonyeshwa.

Turudi kwa waliojihami. Je, nani alikuwa akilindwa pale Tanga? Mkija kuifikiri sana, jibu linateleza. Askari Waafrika waliopigana kwa ushujaa mkubwa walitoka makabila mengi, na wengi hawakuwa wenyeji wa Tanga hata kidogo. Wahindi waliokufa mchangani walitoka Kashmir, Rajputana na Madras, nao hawakuwa na ugomvi wowote na Mdigo wala Mbondei. Wenyeji wenyewe hawakuulizwa na Mjerumani kama wanataka kulindwa, wala na Mwingereza kama wanataka kukombolewa. Miezi 20 baadaye, tarehe 7 Julai 1916, mji ule ule uliolindwa kwa damu nyingi uliingiwa na Waingereza, na kazi za kulazimishwa zikaendelea kwa lugha nyingine.

Na hapo hatujasema habari za wapagazi.

Msomaji aliyepita Kariakoo pale Dar es Salaam amelitaja jina lao bila kujua, kwa maana Kariakoo ni namna midomo yetu ilivyolitamka jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi. Kila askari aliyepigana alihitaji watu wa kumbebea unga, risasi, mahema na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande. Waliobeba waliokotwa vijijini, wengine kwa mshahara mdogo, wengi kwa nguvu. Wakafa kwa kuhara, kwa homa, kwa baridi ya milimani na kwa njaa, kwa wingi uliopita mbali wa waliokufa kwa risasi. Wajerumani nao walichukua watu kwa kamba na kiboko mpaka siku ya mwisho, Novemba 1918. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo inayotunza makaburi yale mazuri waliyoyaona vijana wetu, ilitoa ripoti Aprili 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi. Tunaipokea radhi hiyo kwa moyo safi, ingawa imekuja baada ya miaka 100, wakati wajane wote wamekwisha kufa.

Sisi Waanglikana tuna mtu mmoja katika habari hii ambaye inafaa tumtaje. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, mwaka 1916, alipoona kwamba watu wa kisiwani wanachukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi, hakubaki nyumbani kwake kuandika barua za malalamiko. Aliwakusanya mwenyewe, akapewa cheo cha jeshi, akaenda nao bara, akatembea nao kwa miguu. Je, alifanya vema? Tumewahi kusikia watu wakibishana sana juu yake. Mmoja atasema askofu hana kazi katika jeshi, na kwamba kwa kuwaongoza aliibariki kazi yenyewe. Mwingine atasema watu wangechukuliwa tu, awepo asiwepo, na afadhali wachukuliwe na mtu atakayehesabu vichwa vyao jioni na kuuliza nani hajala. Twaelekea kwa huyu wa pili, lakini si bila wasiwasi. Linalotusaidia kumwamini Weston ni alilolifanya baadaye, mwaka 1920, vita vilipokwisha na serikali ya nchi yake ikataka kuendelea kuwatumikisha Waafrika kwa lazima katika Afrika ya Mashariki. Aliandika kijitabu kikali kuwapinga wenzake Waingereza, naye hakuwa na haja ya kutafuta maneno, kwa kuwa alikuwa ameiona mizigo kwa macho yake. Tukumbuke pia walimu na wahudumu Waafrika wa misheni yake upande wa bara, ambao Wajerumani waliwashuku kuwa wapelelezi, wakawafunga na kuwapiga, na wengine hawakutoka hai. Sisi tulio walimu hatuwezi kulipita jambo hilo haraka.

Sasa msomaji wa Njiro atasema: Tanga ni mbali, yatuhusu nini? Basi apande daladala mpaka mjini, ashuke karibu na Mnara wa Saa, atembee kidogo mpaka Boma la Arusha.

Watoto wetu hupelekwa pale kuona wanyama waliokaushwa na habari za chimbuko la binadamu, maana leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Ni jengo zuri, lina kuta nene nyeupe, na ua wake una kivuli. Lakini lilijengwa na jeshi la Wajerumani kati ya mwaka 1899 na 1900, baada ya vita na mauaji yaliyofuata kuuawa kwa wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, mwaka 1896 huku Meru. Jeshi lilikuja likachoma nyumba, likakata migomba, likachukua ng'ombe. Kisha likataka boma, na wanaume wa Kiarusha na Kimeru wakalazimishwa kubeba mawe na kulijenga. Maana yake walijengeshwa ngome ya kujikinga nao wenyewe. Kila jiwe walilolipandisha ukutani lilikuwa jiwe moja zaidi kati yao na uhuru wao, nao walijua hivyo, wala hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza.

Na ngome yenyewe, ulipofika wakati wa kumzuia adui mwenye mizinga, haikuzuia kitu. Waingereza walipokuja Machi 1916, Arusha haikupiganiwa kwenye boma. Kikosi kidogo cha Wajerumani kilijitoa, kikapanda kilima cha Lolkisale kule kusini, na mwanzoni mwa Aprili kikasalimu amri. Boma lilikuwa na nguvu dhidi ya mkuki tu. Tunalisema hili kwa sababu watu huziheshimu kuta za zamani wakidhani zililinda mji. Boma letu halikuulinda mji; ni heri kusema mji ulijengwa kulizunguka ili ulihudumie.

Kwa hiyo je, lingebomolewa siku ile tulipopata Uhuru? Wako waliofikiri hivyo, na hatuwaoni kuwa wabaya. Ipo haki fulani katika kubomoa. Waisraeli waliamriwa kuvunja baadhi ya vitu, wala wasivigeuze kuwa nyumba za makumbusho. Waingereza nao walipochukua Dar es Salaam waliiondoa sanamu ya Wissmann, na mahali pake, mwaka 1927, wakaweka ile ya askari ambayo ipo mpaka leo. Kila mtawala hufagia alama za aliyemtangulia. Ila tumeona kwamba anayefagia huondoa pia, pamoja na jina la bwana, alama za vidole za mtumwa. Kama boma lile lingevunjwa, leo tungemwonyesha mtoto wa Kiarusha kiwanja kitupu, au benki, tukamwambia hapa babu zako waliteswa. Naye angetikisa kichwa kwa adabu na kutuona wazee wenye hadithi nyingi.

Hapo tunataka kuleta jambo jingine, kwa kuwa kuna ngome za namna nyingine ambazo tulizichimba wenyewe.

Sisi tuliokuwa wanafunzi mjini Mwanza wakati wa vita vya Kagera tunakumbuka mahandaki. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa mapema Novemba, na miji ya ufukweni mwa ziwa ikawa katika hofu ya ndege. Tuliambiwa tuchimbe, tukachimba: wavulana kwa sururu na majembe, wasichana wakitoa udongo kwa karai, na walimu wetu wamekunja mikono ya mashati. Nyumbani nako kila familia ilichimba karibu na mlango wake, hata wajane, wakisaidiwa na majirani. Usiku taa zilizimwa. Na hofu ile haikuwa ya bure, kwa maana mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kupiga Mwanza ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama wa pori waliotunzwa pale. Watu walicheka sana baadaye juu ya swala wale, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

Basi mahandaki yale yako wapi? Hayapo. Vita vilipokwisha yalijaa maji ya mvua, yakazaa mbu, mbuzi wakatumbukia, watoto wakachezea humo hatari. Yakafukiwa, na ilikuwa haki kufukiwa. Hakuna aliyeweka jiwe kuonyesha mahali. Huko Mombasa, Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 imesimama, na watu wanatoka mabara yote kuiona. Nje yake umewekwa mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg na mzinga wa manowari ya Kiingereza Pegasus, ambayo hiyo Königsberg iliizamisha pale Zanzibar Septemba 1914. Mizinga ya maadui wawili sasa imetulia mahali pamoja, na watoto huipanda. Boma la Arusha nalo limesimama. Lakini ngome pekee katika habari hii iliyochimbwa na watu kwa hiari yao, kwa ajili ya watoto wao wenyewe, mbele ya milango yao wenyewe, imefutika kama mchoro wa mchangani. Tunaona kwamba uzito wa jiwe si kipimo cha uzito wa tendo, na mtu anayejifunza historia kwa kuangalia tu vilivyobaki atajifunza habari za wenye chokaa na saruji.

Tunapofika hapo twakumbuka sura moja ya Maandiko ambayo wasomaji wa masomo kanisani huiogopa. Ni sura ya 3 ya Nehemia. Haina miujiza, haina mafundisho ya wazi, ni majina tu: fulani mwana wa fulani akajenga sehemu hii, na baada yake fulani akajenga mbele ya nyumba yake. Wamo wafua dhahabu, wamo watengenezaji wa manukato, wamo binti za Shalumu waliojenga pamoja na baba yao. Wametajwa hata wakuu wa Tekoa waliokataa kuinama kufanya kazi, na sifa yao hiyo inasomwa mpaka leo. Tulipokuwa tukifundisha chuoni tuliwaambia walimu wanafunzi wetu kwamba sura hii ndiyo somo bora la historia katika Agano la Kale, nao wakadhani tunatania. Ukuta wa Yerusalemu uliokuwapo siku za Nehemia ulivunjwa tena zamani, lakini majina yamebaki. Kwetu imekuwa kinyume: kuta zimebaki, majina hayapo.

Basi jibu letu kwa vijana ni hili, na wako huru kulikataa. Ngome haistahili kutunzwa kwa sababu ya uzee wake, wala kwa sababu watalii wanalipa kiingilio, ingawa kiingilio ni kitu kizuri na mishahara ya watunzaji inatoka humo. Inastahili kutunzwa pale ambapo kutunza kwake kunatulazimisha kuuliza nani aliyejenga, nani aliyekuwa ndani na nani aliyeachwa nje. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, mawe 12 yalitolewa katika mto Yordani yakasimamishwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba watoto watauliza maana yake. Mtoto akiuliza, na baba akawa hana la kusema, au akasema uongo, jiwe limepoteza kazi yake. Katika hali hiyo yule kijana wa choo cha shule ana haki, na sisi tutamsaidia kubeba.

Wapo watakaosema kwamba fedha za kupaka rangi maboma zingefaa zaidi zikinunua dawa. Hoja hii ina nguvu na hatuna dawa yake kamili. Tunasema tu kwamba kuambatanisha maelezo ya kweli na jengo ambalo tayari limesimama hakugharimu sana. Kunataka kibao, mtu mwenye kujua, na ujasiri wa kutaja kazi ya kulazimishwa kwa jina lake mbele ya wageni ambao babu zao ndio waliolazimisha. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa mambo ya Vita vya Maji Maji. Kama mgeni ameweza kusema, mwenyeji asione haya kueleza.

Na tusiende mbali mno katika historia tukaacha kuona kilicho mbele ya macho. Anayepita Njiro jioni ataona kuta ndefu, nyingine zimepandwa vipande vya chupa juu, nyingine nyaya za umeme, na malango ya chuma yanayofunguka kwa honi. Hatuwalaumu wenye nyumba. Wezi wapo, na mtu ana haki ya kulinda watoto wake. Lakini nje ya lango, katika kibanda cha bati, ameketi mtu mwenye blanketi na rungu, ambaye baridi ya Juni inayoshuka kutoka Meru inampata yeye kwanza. Yeye ndiye ukuta wenyewe. Yapo malango ambayo mtu huyo amekaa miaka mitano akiitwa “mlinzi” tu, na siku akiugua analetwa mwingine, naye anaitwa “mlinzi” vile vile. Ni jambo lile lile la mwaka 1900 na la mwaka 1914, isipokuwa sasa linatendeka kwa upole na kwa mshahara.

Kwa upande wa parishi yetu, tumeleta pendekezo mbele ya wazee wa kanisa, nasi tunaliandika hapa ili kila mtu alifikirie kabla halijazungumzwa. Kila mwaka mwanzoni mwa Novemba tunasoma majina ya marehemu wetu. Waingereza walitokea Tanga tarehe 2 Novemba, siku ambayo makanisa mengi huwakumbuka marehemu wote. Tunaomba kwamba mwaka huu, pamoja na majina ya kawaida, yasomwe majina ya mababu wa familia zetu waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita, upande wa Wajerumani au upande wa Waingereza, na ya wale waliolazimishwa kujenga Boma. Tunajua kwamba dayosisi yetu ina asili ya CMS, na wako ndugu wasiopenda kusikia habari ya kuwaombea wafu. Hatutaki kuwakwaza; yasomwe kama kumbukumbu, na anayetaka kuomba ataomba moyoni. Tumeulizwa pia kama inafaa kusoma kanisani majina ya watu ambao hawakubatizwa, maana wengi wao walikufa kabla Injili haijafika kwao. Sisi twaona inafaa. Mzigo waliotwishwa haukuuliza dini yao, na Bwana anayewajua kwa majina hahitaji cheti chetu. Lakini Kasisi atatoa uamuzi, nasi tutautii.

Vijana wa parishi wamekubali kupita nyumba kwa nyumba na daftari, wakianza na wazee wenye umri mkubwa zaidi, kwa sababu wanaokumbuka kile walichosimuliwa na waliobeba wanazidi kuwa wachache kila msimu wa baridi. Mama wa Umoja wa Mama watasaidia kwa familia zinazozungumza Kimeru na Kimaasai. Tafadhali mwandike jina la mtu, jina la baba yake, kijiji alikochukuliwa, na kama alirudi au hakurudi. Asiyejua jina aandike uhusiano tu, kwa mfano “kaka yake bibi mzaa baba, wa Akheri”, nalo litasomwa hivyo hivyo lilivyo.